Kiwanda kinanipa majivu, tope na chokaa bure niweke kwenye majani ya ng'ombe, nichukue?

#1 mchanga_mtupu

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada wa wanaolima majani ya mifugo hasa ukanda wetu huu wa Dar na Pwani.

Niko Chanika, nina heka mbili za mabingobingo na kipande kidogo cha brakiaria, nalisha ng'ombe wangu wa maziwa na yanayobaki nawauzia wafugaji wa mjini wanaokuja na kirikuu. Udongo wetu mnaujua, mchanga, ukimwagia maji hata hujageuka yameshazama. Samadi ya banda langu haitoshi na ya kununua wenye bustani za maua wameshaipandisha bei mpaka basi.

Sasa kuna ndugu yangu anafanya kazi maeneo ya viwanda njia ya Pugu Road, kaniambia pale kwao kuna majivu ya boila yamejaa uwani na kuna tope jeusi linatoka kwenye mtambo wa kusafishia maji machafu, alafu majirani zao wanaotengeneza gesi ya kuchomelea wana mlima wa chokaa nyeupe inayobaki kwenye kabaidi. Vyote wanatafuta mtu avitoe. Hela sitoi, ni mafuta ya tipa tu na vijana wa kupakia. Ndugu yangu anasema kuna mtu wa Kisarawe alishabeba lile tope akaweka kwenye mahindi yakatoka meusi tii kwa ustawi.

Nauliza je nibebe? Yasije yakaua majani, au mbaya zaidi ng'ombe, maana mtamba wangu mmoja ndio kwanza ana mimba.

#2 Chalii wa Tegeta

Kiwanda cha bongo kikupe bure kitu cha maana? Ingekua dili mhasibu wao angeshakifungia kwenye viroba na nembo 😂

#3 Bwana Udongo

Chalii hapo umechekesha ila sio kweli sana. Mbolea ya SA (amonia salfeti) unayonunua dukani, ile inayofanana na sukari, nyingi inayozunguka duniani ni mabaki ya viwanda. Kuna kitu kinaitwa kaprolaktamu, ndio malighafi ya nailoni ya kamba na nguo, sasa wakitengeneza kile kitu kwa njia za zamani tani moja inaacha zaidi ya tani mbili za SA, wao shida yao nailoni, SA inabaki inabidi iuzwe. Nyingine inatoka kwenye viwanda vya chuma, wakioka makaa ya mawe inatoka gesi ya amonia wanaikamata kwa asidi ya salfa inakua SA, na hio imeanza tangu karne ya 19. Kwa hiyo mkuu kama umeshawahi kuweka SA kwenye mabingobingo tayari umeshatumia mabaki ya kiwanda na ng'ombe wako yuko hai.

Tofauti ni kwamba ile SA inajulikana ina nini ndani. Naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, mfuko wa leo na wa mwaka jana ni kitu kile kile, na kuna mamlaka inapima. Tope la ndugu yako leo wamesafisha matangi, kesho wamebadili rangi, keshokutwa mafuta yamemwagika, kila tipa ni kitu kingine. Swali la kwanza sio kama ni taka au sio taka, swali ni hicho kiwanda kinatengeneza nini na hilo boila linachoma nini. Jibu hayo mawili ndio tuendelee, vinginevyo tutakua tunapiga ramli.

#4 mchanga_mtupu

Nashukuru sana Bwana Udongo. Nimempigia. Kiwanda ni cha nguo, wanafuma na kupaka rangi vitambaa. Boila anasema wanachoma pumba za mpunga ila zikiadimika wanaweka makaa ya mawe. Majivu yote yanamwagwa sehemu moja.

#5 Bwana Udongo

Basi hapo umeshanijibu nusu.

Tuanze na majivu. Watu wakisikia majivu wanawaza majivu ya kuni, yale bibi zetu walikua wanamwaga kwenye migomba. Ya kuni ni mazuri kweli, yana kalisi nyingi, yana potasiamu, fosforasi kidogo, naitrojeni hakuna maana imeshaenda na moshi. Ila majivu ya pumba za mpunga ni kitu kingine kabisa, yale asilimia 85 mpaka 95 ni silika, yani kwa lugha nyepesi unabeba mchanga laini kutoka Pugu Road unaupeleka Chanika kwenye mchanga. Hayaui kitu, ila utakua umelipia mafuta ya tipa kwa kazi ya bure. Mpunga wenyewe unaipenda silika, ila kwa njaa uliyonayo wewe haitakusaidia.

Ya makaa ya mawe ndio ukae mbali. Makaa ya mawe yanapoungua yale madini yaliyokua yametawanyika humo yanabaki kwenye majivu yakiwa yamekolea, boroni, aseniki, seleniamu na mengineyo. Boroni ikizidi majani yanaungua ncha. Aseniki sina haja ya kukueleza. Na kwa sababu wanamwaga lundo moja, wewe na koleo lako huwezi kutenganisha.

#6 Kinyonga wa Goba

Jamani mnamtisha mwenzenu. Mimi nafuga Goba huku miaka, maji ya kuoshea banda yanaenda kwenye majani, machicha ya bia yaliyochachuka sana ng'ombe wakiyakataa nayamwaga shambani, majani yanapanda kama yamechanjwa. Hayo machicha si yanatoka kiwandani? Wataalam mkianza na aseniki sijui seleniamu mkulima hatofanya kitu. Babu zetu walipima nini?

#7 daktari wa kwato

Kinyonga, machicha ni shayiri iliyochemshwa. Kitu kilichokua chakula kabla hakijaingia kiwandani na kikatoka bila kuongezwa sumu, hicho kikirudi shambani sina ugomvi nacho. Machicha, mashudu yaliyooza, molasi iliyoharibika, damu na kinyesi cha tumboni cha machinjio (kwa masharti, ntaeleza), tope la viwanda vya sukari. Mleta uzi anaulizia tope la kiwanda cha rangi za nguo. Hivi havifanani hata kidogo.

Na niwaambie kitu kimoja wengi hapa mnakipita haraka. Mahindi na majani sio sawa. Ukiweka kitu kibaya kwenye mahindi, mmea unakichuja, sehemu inabaki kwenye mizizi, sehemu kwenye bua, punje inapata kidogo. Majani ng'ombe anakula mmea mzima wa juu. Alafu anakula na udongo! Ng'ombe anayechungwa kwenye nyasi fupi udongo unaweza kufika asilimia kadhaa ya alichokula siku ile, kwa hiyo hata kama metali haipandi kwenye jani, yeye anailamba pale pale chini. Wewe unakata na kupeleka bandani una afadhali, ila masika matone yanarusha matope mpaka majani ya juu na kijana wako anakata chini kabisa ili apate uzito, si ndio? Ndio maana huyo wa Kisarawe na mahindi yake meusi tii hanishawishi. Meusi tii ni naitrojeni tu, rangi ya jani haikwambii kuhusu risasi wala kromiamu.

Tope la rangi za nguo lina chumvi nyingi ya sodiamu, maana rangi nyingi za pamba hazishiki bila chumvi, lina mabaki ya rangi zenyewe na baadhi ya rangi zimetengenezwa kwa shaba au kromiamu. Mimi na mtamba wenye mimba singethubutu.

#8 mchanga_mtupu

Duh. Tope nimeshalifuta basi. Na dokta naitrojeni yenyewe haina shida kwa ng'ombe? Maana kuna jamaa aliniambia majani yakikolea sana yanaua.

#9 daktari wa kwato

Yanaua kweli, na hata kwa urea safi ya dukani. Majani yanavuta naitrojeni kama naitreti alafu yanaigeuza protini kwa nguvu ya jua na maji. Kukiwa na ukame mmea unasimama, naitreti inarundikana shinani. Mvua ya kwanza ya vuli ikidondoka mmea unavuta kwa fujo, ukikata siku chache baadae unampa ng'ombe mzigo. Tumboni ile naitreti inageuka naitriti, inaingia kwenye damu inaharibu ile sehemu inayobeba hewa. Utamuona anahema haraka, anayumba, fizi na ndani ya macho rangi ya kahawia badala ya pinki, damu ukimchoma inatoka rangi ya chokoleti. Anaweza kufa ndani ya masaa. Mwenye mimba akinusurika anaweza kutupa. Dawa ipo, bluu ya methilini inachomwa kwenye mshipa, lakini mpaka daktari atoke Mbagala afike Chanika na foleni ile ya Gongo la Mboto...

Kinga ni rahisi. Usimwage naitrojeni nyingi kwa mkupuo, kata juu kidogo maana naitreti inakaa shina la chini, changanya na hei kavu, na baada ya kuweka mbolea subiri majani yakue vizuri ndio ukate. Hii inahusu mbolea yoyote, ya duka, ya samadi, ya kiwandani. Wanaopewa maji machafu ya viwanda ndio huumia zaidi kwa sababu hawajui wamemwaga kilo ngapi za naitrojeni.

#10 Mbongo Tulsa

Nimeupenda huu uzi. Niko Oklahoma sasa hivi, na hapa jimboni kuna kisa kinaingia moja kwa moja kwenye mada.

Kuna kimji kinaitwa Gore, mashariki ya jimbo. Kulikua na kiwanda Sequoyah Fuels, kilifunguliwa 1970 chini ya kampuni ya Kerr-McGee, kazi yake kuchukua urani ghafi na kuigeuza kuelekea mafuta ya vinu vya nyuklia. Hatua mojawapo walikua wanayeyusha ile urani kwenye asidi ya naitriki, wakishaichuja urani yanabaki maji yenye naitreti kibao. Wayapeleke wapi? Wakaweka amonia, asidi ikatulia, ikatoka amonia naitreti, ambayo ukiiangalia kwa jina ni mbolea kabisa. Radiamu, madini yenye mionzi yanayoambatana na urani, wakaitoa kwa kutumia bariamu. Alafu wakawa wanayamwaga kwenye mashamba ya nyasi ya kampuni, nyasi zinakatwa hei, ng'ombe wanachungwa, na yote hayo kwa kibali cha mamlaka ya nyuklia ya serikali.

Majirani walipiga kelele miaka nenda rudi. Januari 1986 kulitokea ajali, silinda ya urani heksafloridi ikapasuka mfanyakazi mmoja akafariki, baadae ikagundulika maji ya ardhini chini ya majengo ya kiwanda yana urani, mwanzoni mwa miaka ya 90 wakafunga. Sasa hapa niwe mkweli, yale ya ajali na maji ya ardhini yalitokana na kiwanda chenyewe, sio na ile mbolea. Lakini ndio hivyo, ukiwa jirani unaambiwa na kampuni ile ile inayokuuzia imani kwamba nyasi ziko salama, na vipimo wanapima wao, utaamini vipi? Mimi naona hata kama yale maji yalikua safi kama wanavyosema, aliyetakiwa kupima ni mtu asiyefaidika nayo.

Na sio mambo ya zamani tu. Jimbo la Maine mwaka 2022 walipiga marufuku kabisa kuweka tope la mitambo ya maji taka mashambani. Walikuta kemikali za PFAS, zile zinazotumika kwenye sufuria zisizoshika na vitambaa visivyopenya maji, zimeingia kwenye nyasi, zikaingia kwenye maziwa, wafugaji wakamwaga maziwa. Tope liliwekwa miaka mingi nyuma, PFAS haiozi.

#11 Chalii wa Tegeta

Vitambaa visivyopenya maji... mleta uzi ulisema kiwanda cha nini vile? 👀

#12 mchanga_mtupu

Chalii nimesoma nikaacha kula. Nimeshasema tope nimefuta jamani.

#13 Msomi wa Mazimbu

Nisaidie upande wa pili maana uzi unaelekea kua wa mazishi. Mabaki ya viwandani yameshawahi kubadilisha malisho kabisa kwa uzuri, na mfano mkubwa ni slagi ya Uingereza, yani mavi ya chuma yanayobaki wakiyeyusha chuma.

Miaka ya 1870 Sidney Gilchrist Thomas aligundua njia ya kutengeneza chuma cha pua kutoka kwenye mawe ya chuma yenye fosforasi nyingi. Fosforasi ilikua inaharibu chuma, yeye akaiunganisha na chokaa ikatoka juu kama mavi ya chuma. Yakisagwa unga laini yakawa mbolea ya fosforasi na chokaa kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wakayajaribu kwenye malisho duni ya udongo mzito kule Cockle Park, kaskazini mwa Uingereza, wakapima kwa kupima uzito wa kondoo, sio kwa kuangalia rangi ya majani. Klova, kimmea cha malisho jamii ya mikunde, ikafumuka kwenye nyasi, na klova inajitengenezea naitrojeni yake, basi nyasi nazo zikafaidi, kondoo wakaongezeka uzito mara mbili na zaidi ukilinganisha na eneo ambalo halikuwekwa kitu. Wakulima Ulaya nzima wakaitumia kwa miongo mingi.

SASA msiende kuchukua mavi ya chuma kwenye viwanda vya nondo hapa Dar mkasema Msomi kasema. Vile viwanda vinayeyusha skrepa, skrepa haina fosforasi kama yale mawe ya Thomas. Na lile vumbi la kijivu linalonaswa kwenye bomba la moshi ndio baya zaidi, lina zinki sawa, ila lina risasi na kadimiamu. Marekani walikua wanalitumia kutengenezea mbolea ya zinki, mwaka 1997 gazeti la Seattle Times likaandika habari za mji wa Quincy na mbolea zenye metali, mwaka uliofuata jimbo la Washington likatunga sheria kiwango cha metali kwenye mbolea kijulikane. Sheria ilikuja baada ya watu kushaweka miaka yote hiyo.

#14 Kinyonga wa Goba

Haya nimewaelewa. Ila dokta ulisema utaeleza masharti ya damu ya machinjio. Vingunguti pale damu ni ya kumwaga, mimi nna mtu.

#15 daktari wa kwato

Damu ikikaushwa ina naitrojeni asilimia 12 mpaka 13, hakuna samadi inayofikia hapo. Tatizo ni magonjwa. Usimwage mbichi juu ya majani ambayo ng'ombe atakula. Chemsha na kausha, au oza kwenye lundo la mboji na mabua na kinyesi cha tumboni mpaka lundo lipate moto wenyewe na kupoa, alafu fukia kwenye mfereji pembeni ya mashina. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana sharti la siku zisizopungua 21 kabla mnyama hajaingia kwenye malisho yaliyowekwa mbolea ya mabaki ya wanyama, mimi ningeenda hivyo hivyo au zaidi. Na mifupa iliyosagwa vile vile, ichomwe au ipikwe kwanza.

Jingine lihusulo Dar yetu: msikate majani yanayoota kwenye mabwawa ya maji taka wala kingo za Msimbazi. Mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha watu yanashika kwenye nyasi, ng'ombe akiyala yanatengeneza malengelenge kwenye nyama, mtu akila nyama isiyoiva anapata tegu, mzunguko unaanza upya. Najua yanavutia kiangazi yakiwa kijani kila mahali pamekauka, na najua wapo wanaoyakata saa kumi na moja alfajiri na kuyauza. Wateja waulizeni wauzaji wenu yametoka wapi.

#16 Mama Fredi Maziwa

Dokta hapo kwenye kuuliza yametoka wapi umenena. Mimi nanunua majani barabarani Mbezi, kuna siku yalikua yananuka sabuni.

#17 Bwana Udongo

Mmesahau chokaa ya kabaidi, na mimi naona pale ndio kwenye mali.

Kabaidi ikiwekwa maji inatoa gesi ya asetilini, kinachobaki ni chokaa iliyozimwa, ile ile ya kupakia ukuta. Nguvu yake ya kuua uchachu ni kubwa kuliko chokaa ya mawe ya kusaga, kilo 75 kavu zinafanya kazi ya kilo 100 ya ile. Na mleta uzi anaihitaji pengine kuliko anavyojua, hasa kama anaweka ile SA. SA inachachusha udongo vibaya, mfuko mmoja wa kilo 50 unataka kama kilo 55 za chokaa ya mawe kufuta uchachu wake. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna uwanja wa nyasi wa majaribio tangu 1856, vipande vilivyowekwa SA bila chokaa pH (kipimo cha uchachu, ikishuka ndio uchachu umezidi) imeshuka chini ya 4 na nyasi zimebaki aina chache mno zinazovumilia. Na ule ni udongo wenye tope lake, sembuse mchanga wetu ambao hauna cha kuzuia.

Masharti sasa. Moja, hakikisha imekaa nje imepigwa na mvua na hewa, ikiwa bado ina vipande vya kabaidi ambayo haijaisha ukiiwekea maji inatoa gesi inayowaka, mtu na sigara yake mnaripuka. Na ikiwa mpya inaunguza ngozi na macho, vijana wavae glavu na miwani, sio kandambili. Mbili usiichanganye na SA, urea wala samadi mbichi kwa wakati mmoja, chokaa inafukuza amonia, utanusa naitrojeni yako inavyoondoka. Weka chokaa kwanza, mvua ipite, mbolea baadae. Tatu usizidishe! Mchanga hauna ubishi, pH inaruka haraka, na ikiruka zinki, chuma na manganizi vinafungwa majani yanakua na michirizi ya njano. Pima udongo kwanza, maabara ipo chuo cha kilimo SUA Morogoro, ipo kituo cha utafiti TARI Mlingano kule Tanga. Ukipima na sampuli ya hiyo chokaa yenyewe ndio utalala usingizi.

#18 Msomi wa Mazimbu

Naunga mkono na kuongeza kuhusu karatasi. Ukitumia shambani kwako ni jambo moja, ukianza kuwauzia wenzako kwa jina la mbolea ni jambo lingine, mbolea inayouzwa Tanzania lazima isajiliwe TFRA, mamlaka ya mbolea, kwa sheria ya mwaka 2009. Na tope la kiwandani usidhani kwa kuwa wamekupa mkononi limekua lako, kiwanda kinatakiwa kikabidhi taka hatarishi kwa wenye vibali, NEMC, wale wa mazingira, wakilikuta limemwagwa Chanika atakayeulizwa ni mwenye shamba. Ndugu yako pengine hajui, ila msimamizi wake anajua vizuri kwa nini anatafuta mtu wa kulibeba bure.

#19 Mama Fredi Maziwa

Mie naomba niulize kishamba. Hivi kwa heka moja majani yanakula mbolea kiasi gani mpaka tuhangaike na viwanda? Si aweke tu mifuko ya ruzuku.

#20 Bwana Udongo

Swali zuri mama wala sio la kishamba. Mabingobingo yakitoa tani 10 za majani makavu kwa mwaka, ambayo ni kama tani 50 au 60 yakiwa mabichi, yanaondoka na naitrojeni kilo 150 hivi na potasiamu kilo 200 au zaidi. Hiyo 150 ni mifuko sita na nusu ya urea, au mifuko 14 ya SA. Na kumbuka yeye sehemu anauza, ile inayopanda kirikuu kwenda mjini hairudi kama samadi, ndio maana shamba la muuza majani linachoka haraka kuliko la anayelisha mwenyewe.

Ruzuku tangu msimu wa 2022/2023 imesaidia kwenye naitrojeni, ajiandikishe apate. Mfuko mmoja au miwili ya SA kwa heka kila baada ya kukata, udongo ukiwa na unyevu, inatosha kuendelea. Shida inabaki potasiamu. Watu wanaweka urea miaka minne, majani yanapungua, wanasema mbegu imechoka wanang'oa wanapanda nyingine. Mbegu haijachoka, potasiamu imeisha. Urea haina, SA haina, DAP haina.

Brazil wanaipata potasiamu kutoka kwenye mabaki ya viwanda vya spiriti ya miwa, yale maji meusi yanayobaki baada ya kukeneka, lita moja ya spiriti inaacha lita 10 mpaka 15. Zamani walikua wanamwaga mtoni samaki wanakufa, baada ya serikali kukataza mwishoni mwa miaka ya 70 wakayarudisha kwenye mashamba ya miwa kwa mabomba, sasa hivi yanahesabika kama mbolea. Kwetu mtu wa Chanika hayamfai maana ni maji, huwezi kusafirisha maji kwa tipa. Hata tope la viwanda vya sukari ni zuri, lina fosforasi na kalisi, ila likitoka pale zaidi ya nusu yake ni maji, mtu aliye jirani na mashamba ya miwa Kilombero au Bagamoyo linamlipa, wewe litakuula kwenye mafuta.

#21 mchanga_mtupu

Bwana Udongo barikiwa sana. Kwa hiyo potasiamu ya kunifaa mimi hapa ni ipi? Maana naona vyote vya bure vimekatika kasoro chokaa. Kuna bekari mbili huku Gongo la Mboto zinatumia kuni, majivu yao wanatupa kwenye mtaro.

#22 Bwana Udongo

Ndio hayo! Majivu ya kuni yana potasiamu, tani moja kavu unaweza kupata kilo 40 hivi, na nguvu ya chokaa karibu nusu ya chokaa ya mawe. Kwa hiyo ukiweka majivu punguza ile chokaa ya kabaidi, usiweke vyote kwa kipimo kamili. Yachukue yakiwa makavu kabla mvua haijayapata, potasiamu inayeyuka kirahisi, yale yaliyolala mtaroni masika nzima yameshabaki makapi. Wapelekee viroba wawe wanakujazia wenyewe na uwaachie maziwa lita mbili tatu kwa wiki.

Ila nenda ukaangalie wanachoma nini kwa macho yako. Kama ni mikorosho, miembe, mabanzi ya kawaida, sawa. Kama wanachoma mbao za bomoabomoa zenye rangi, au vipande vya nguzo za umeme na mbao zile zenye ukijani zilizowekwa dawa ya mchwa, achana nayo, ile dawa ina shaba, kromiamu na aseniki, na vyote vinabaki kwenye majivu.

#23 mchanga_mtupu

Nimepita leo jioni. Moja wanachoma mikorosho na miembe tupu, ya pili nimekuta mabaki ya paleti na milango ya zamani yenye rangi. Nimeongea na ile ya kwanza, wameomba maziwa lita tatu na niwe nafika kabla ya saa mbili asubuhi maana wakizoa jiko hawana pa kuweka.

#24 Mama Fredi Maziwa

Ile ya mbao za rangi mkate wao unauzwa wapi?